Fahirisi ya Uhuru wa Kiuchumi ya Heritage: jedwali zuri, nafasi za kupotosha

Heritage Foundation, taasisi ya utafiti wa sera ya Washington, hutoa fahirisi hii tangu 1995, na alama zake hupakuliwa bure. Kila nchi hupewa 0 hadi 100 katika vipengele 12, kuanzia haki ya kumiliki mali na mahakama hadi kodi, ajira na biashara ya nje, kisha unapigwa wastani. Vyote vina uzito sawa, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Angalia matumizi ya serikali. Chukua asilimia yake katika pato la taifa, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 0.03, toa kwenye 100. Serikali inayotumia asilimia 15 inapata 93.25, ya asilimia 50 inaambulia 25. Hesabu haiulizi kama ile 15 ni kubana matumizi au ni serikali iliyoshindwa kukusanya kodi na zahanati zake hazina dawa. Denmark hupoteza sana hapo, ikaokolewa na mahakama na uadilifu wa viongozi wake.

Ukitaka kujua nani anashuka, kuwa makini zaidi. Marekani ilikuwa na 81.0 mwaka 2008. Mwaka 2024 ikabaki na 70.1. Anguko kweli, lakini toleo la 2017 liliongeza vipengele viwili, kimojawapo kikiwa afya ya bajeti, yaani nakisi na deni. Hapo Marekani ina 0. Kiondoe, gawanya kwa 11, wastani unarudi karibu 76.5. Deni ni la kweli, sikatai; ila mwaka 2008 halikuwa na kipengele chake. Kwa hiyo usilinganishe jumla za kabla na baada ya 2017. Linganisha safu kwa safu, zile zilizokuwepo miaka yote miwili.

Kwa mwelekeo wa miaka mingi, ripoti ya uhuru wa kiuchumi ya Fraser Institute, taasisi ya Kanada, inafaa zaidi: nyanja 5, alama 0 hadi 10, na mbinu ikibadilika hukokotoa upya miaka ya nyuma. Ubaya wake ni takwimu kuchelewa miaka miwili.

Nafasi za nchi kwenye orodha nazo ziache kabisa. Mwaka 2021 Heritage iliiondoa Hong Kong, ikisema sera zake zinaamuliwa Beijing, Fraser wakaibakiza. Waliokuwa chini yake kwa Heritage wakasogea juu nafasi moja bila kugusa sheria hata moja.