Primer ya Piano Adventures: kitabu kizuri, ila usiruke vitufe vyeusi

Kwa miaka mingi mtoto aliyeanza piano aliwekwa vidole gumba vyote viwili juu ya C ya kati, nota iliyo karibu na katikati ya kinanda, na kuanzia hapo. Ndivyo kilivyofundisha kitabu cha John Thompson cha mwaka 1936, na vingi vilivyokifuata. Nota alianza kuzisoma mapema, hilo halina ubishi. Lakini mikono ikibanana katikati, viwiko hugandia mbavuni na vifundo vya mikono hupinda kwa nje. Baya zaidi, mtoto haisomi nota tena, anasoma kidole: gumba ni C, basi. Msogeze mahali pengine kwenye kinanda, amepotea.

Primer ya Nancy na Randall Faber, yaani kitabu cha mwanzo cha mfululizo wao wa Piano Adventures ulioanza kutoka mwaka 1993, imepangwa ili kukwepa tatizo hilo. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 10 tunakipendekeza bila kusita. Wadogo zaidi wana vitabu vyao, na watu wazima vyao.

Kinaanza na vitufe vyeusi. Vimekaa viwiliviwili na vitatuvitatu, kwa hiyo mtoto huviona na kuvipapasa hata akiwa amefumba macho, na mikono inatembea kinanda kizima. Nota za mwanzo hazina mistari mitano ya kusomea nota: zinapanda na kushuka tu, vijiti juu kwa mkono wa kulia, vijiti chini kwa wa kushoto. Walimu wengi huziona kurasa hizi za kitoto na kuzimaliza kwa somo moja. Ni kosa. Zipe wiki tatu au nne, maana hapa ndipo mkono unapoundwa. Angalia kiungo cha mwisho cha kidole: kikibonyea ndani, sauti inakuwa dhaifu na kidole kinachelewa kuinuka. Rudi kwenye kidole cha 3 (cha kati, gumba likiwa cha 1) peke yake. Gumba liguse nyuma ya kiungo hicho, kama mtu aliyeshika punje ya hindi, kisha mkono wote udondoke kwa uzito wake juu ya kitufe kimoja cheusi. Mara tano kila mkono, kila siku, inatosha.

Mistari mitano ikifika, mtoto hapewi nota zote kwa mkupuo. Anapewa nota mwongozo: C ya kati, G ambayo ufunguo wake (alama ya mwanzoni mwa mistari) unazunguka mstari wa pili kutoka chini, na F iliyo kwenye mstari wa nne, katikati ya nukta mbili za ufunguo wa besi. Njia hii ya kusoma kwa alama chache ilienezwa na Frances Clark, mwalimu wa piano wa Marekani, tangu miaka ya 1950. Nota nyingine husomwa kwa umbali: mstari hadi nafasi ni hatua, mstari hadi mstari ni mruko.

Udhaifu unakuja vidole vitano vinapotulia kuanzia C hadi G. Ugonjwa ule wa zamani unarudi: kidole cha 3 kinageuka kuwa E. Dawa ni kupiga wimbo uleule ukianzia C kwa kidole cha 2, kisha kuuhamishia G. Usiandike herufi chini ya nota, wala usibandike stika kwenye vitufe. Macho yatafuata herufi na mistari haitasomwa kamwe.

Mtoto aliyelelewa kwaya huja na sofa, yaani kuimba nota kwa do, re, mi, na huo ni mtaji. Ila do ya kwaya inahama kufuata ufunguo wa wimbo (hapa ni nota iliyo makao ya wimbo, si ile alama ya mistari), na C ya kitabu haihami. Mweleze hivyo mapema, kisha mwimbishe kwa sofa huku akipiga, halafu arudie akitaja herufi. Maneno ya nyimbo ni ya Kiingereza. Tunga ya Kiswahili, mradi silabi zilingane na mapigo.

Chini ya nyimbo nyingi kuna sehemu ya mwalimu ya kupiga pamoja na mtoto. Itumie baada ya mtoto kuweza kushika mapigo peke yake, si kabla, la sivyo ataegemea kwako.

Kwa kinanda cha vitufe 61, C ya kati ni C ya tatu kutoka kushoto. Kwenye piano ya vitufe 88 ni ya nne. Mwonyeshe zote mbili. Zima midundo ya kujiendesha, na hakikisha kitufe cha kuhamisha ufunguo (transpose) kiko sifuri, maana wapigaji wa kanisani hukiacha kimepandishwa na mtoto atasikia sauti isiyolingana na anachosoma.

Kila ngazi ina vitabu vinne. Fedha ikitosha viwili tu, nunua cha Masomo na cha Ufundi wa vidole. Cha Nadharia mwalimu anaweza kukifidia kwa daftari la mistari mitano.