Laptop ya mtumba chini ya laki nane: ipi uchukue, ipi uikimbie

Boom (hela ya mkopo ya wanachuo) likitoka tu, au mwisho wa mwezi ukifika, maswali ni yale yale: nina laki saba, nina laki nane, nichukue laptop gani, mpya au ya mtumba? Jibu langu kwa watu wengi halibadiliki. Chukua ya mtumba, ile iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya au Marekani, prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel ya jenereshoni, yani kizazi, ya 8 kwenda juu, RAM (memori ya kazi) GB 16, hifadhi ya SSD, basi. Yanayofuata huko chini ni kupanga tu nani akae juu ya nani, na namna ya kuikagua usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini ya 8 na sio ya 6 au ya 7 ambazo zimejaa kila duka na bei chee? Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia jenereshoni ya 8 (kuna vighairi vichache mno, usivihesabu). Makampuni makubwa huko nje hayataki mashine isiyopata apdeti za usalama kwahiyo yanazitoa kwa mafungu, na nyingine zinaishia Kariakoo zikiwa zimefutwa vumbi zinang'aa. Mwenye duka anakuwashia, unaona Windows 11 hiyo hapo inafanya kazi, unaridhika. Sasa hapo ndo uulize. Kuna njia za kuruka ukaguzi wa Microsoft na kuipachika Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi vigezo, inawaka vizuri tu, ila toleo jipya la mwaka likija inaweza kugoma kujipandisha na utakuwa unamtafuta fundi kila mara kwa kitu ambacho mwenzako kinajifanya chenyewe usiku amelala.

Halafu hili la "Core i7". Jamani. Winga (anayekuvutia dukani kwa kamisheni) akishakuona tu anakwambia boss hii ni i7 hiyo nyingine ni i5, kama vile saba ikishakuwa kubwa kuliko tano mjadala umekwisha. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-6600U ni jenereshoni ya 6 na ina kori 2 (kori ni kama vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa). i5-8250U ni ya 8 na ina kori 4. Yani hiyo i5 ina kori mara mbili ya hiyo i7, na ukifungua Chrome yenye tabo kumi na tano, Word, na Zoom kwa pamoja utaiona tofauti bila kuambiwa na mtu. Jenereshoni ya 8 ndo Intel waliongeza kori kwenye hizi prosesa ndogo za laptop, kabla ya hapo i5 na i7 zenye herufi U mwishoni zilikuwa za kori 2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya Performance, jina kamili la prosesa lipo pale juu kulia. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi usiiamini hata kidogo, stika zinauzwa.

Na zile mpya za kwenye boksi kwa bei hiyo hiyo? Nyingi utakuta ni Celeron N4020 au ndugu zake, kori 2, RAM 4 iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64 ambayo Windows ikishaingia na apdeti zake mbili tatu umebaki na nafasi ya kuweka picha za harusi moja. Najua raha ya kuchana nailoni ya kitu kipya, na waranti ya mwaka sio kitu cha kubeza. Lakini kwa mtu anayefanya kazi kweli, hiyo mashine ni kimeo kuanzia siku ya kwanza na huwezi kuiongezea chochote.

Haya, twende kwenye listi.

Namba moja kwangu ni Lenovo ThinkPad T480. Ilitoka 2018, sura yake nyeusi haina mvuto wowote, mtu akikuona nayo anadhani umeazima ofisini. Ila kwa nchi yenye umeme unaokatika sijaona inayoifikia kwa hela hii. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma unayoichomoa kwa kusukuma vibanio, na unaweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka unaendelea na kazi yako ukaweka nyingine. Hiyo ya nyuma inakuja kwa saizi tofauti, ndogo ya 24Wh (Wh ni kiasi cha chaji inachobeba) hadi kubwa ya 72Wh inayotokeza chini kama kisigino, ukipata yenye kubwa na bado nzima usiiache. Nafasi za RAM ni mbili, zote za kuchomeka. Inachajiwa kwa USB-C, kwahiyo chaja ikifa unaazima kwa mwenzako. Kibodi yake sisemi kitu, wanaoandika sana wanajua.

Ila ina mambo yake. Kwanza kioo: kuna zilizotoka na kioo cha 1366 kwa 768, rangi zimefifia, ukiinamisha kidogo picha inageuka. Hiyo iache, tafuta ya Full HD (1920 kwa 1080). Pili tundu za USB-C zipo mbili na zimechomelewa kwenye bodi kuu, zikilegea ni kazi ya fundi wa bodi, kwahiyo chomeka chaja kwenye zote mbili, itikise kidogo uone kama inakata. Tatu, toleo hili lilikuwa na tatizo kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt (moja ya hizo tundu za USB-C, yenye kasi zaidi), ile tundu ikawa inaharibika yenyewe polepole, na Lenovo wenyewe walitoa apdeti ya kulirekebisha. Ukishainunua kabla hujaweka hata muvi moja ingia tovuti yao ufanye hiyo apdeti. Halafu usichanganye na T480s, ile nyembamba. Ni nzuri pia lakini RAM moja imechomelewa na haina betri ya nyuma, kwahiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka namba moja inakuwa imekufa.

Namba mbili ni HP EliteBook 840 G5, na kama una hela kidogo ya kuongeza, G6. Kusema kweli kwa mtu anayekwenda kukaa mbele ya wateja hii ndo namba moja, maana ni bati la alumini, nyepesi, spika zake zinasikika (za T480 zipo chini, zinaongea na meza), na utaikuta kila duka kwahiyo spea zake hazisumbui. RAM nafasi mbili pia. Inachaji kwa tundu la duara la HP na kwa USB-C. Kinachoiangusha ni kioo kwenye baadhi yake: kuna zenye Sure View, kioo cha kuficha kazi yako jirani asichungulie, nacho ukikiangalia kwa pembeni kinafifia hata ukiwa umekizima. Kuijua ni rahisi, kitufe cha F2 kina alama yake, bonyeza uone. Wengine wanakipenda, mimi hapana. Na kumbuka prosesa ya G3 ni jenereshoni ya 6 na ya G4 ni ya 7, kwa macho zinafanana na G5 kiasi kwamba winga akiamua kukuchanganya utachanganyikiwa. Soma jina chini ya mashine, kisha thibitisha kwenye prosesa.

Tatu ni Dell, Latitude 7490 au 5490, na 5400 kama utaipata. Ngumu, zinakubali Windows na Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) bila ubishi, na mara nyingi muuzaji anakupunguzia kwa sababu wateja wengi wamekazana na EliteBook. Tatizo ni chaja. Dell inaitambua chaja yake, ukiweka ile ya kuokoteza isiyotambulika mashine inalalamika ikiwa inawaka kwamba haijui aina ya chaja, betri haiingii chaji na prosesa inajipunguza nguvu. Watu wanaishia kusema laptop ni nzito kufanya kazi kumbe ni chaja. Kwahiyo ukinunua Dell, nunua na chaja yake ya kweli, isome wati zake, ijaribu hapo hapo dukani.

Ukiwa na bahati utakutana na ThinkPad T14 ya kwanza au EliteBook 845 G7 zenye Ryzen 5 PRO 4650U, za 2020, kori 6. Hizo zinawazidi wote hao niliowataja kwa spidi. Sijaziweka kwenye namba kwa sababu hazipatikani kirahisi na kwa laki nane ni kubahatisha, lakini ukiiona kwa bei hiyo, na ikafaulu ukaguzi, usianze kuomba ushauri mtandaoni, lipa.

MacBook? MacBook Air ya M1 ndo ya kuanzia, ile ya mwisho wa 2020, haina feni, haichemki, betri yake inakaa kutwa nzima. Inavuka laki nane kwa mbali, kwahiyo sio ya listi hii. Nachokuomba ni usitulize moyo kwa kuchukua Air ya 2017 eti kwa sababu ina lile tufaha nyuma. Hiyo iliishia macOS (mfumo wa Apple) toleo la Monterey, na Apple wameshasema macOS Tahoe ndo ya mwisho kwa mashine za Intel. Chromebook za mashuleni nazo ziache, zina tarehe ya mwisho ya apdeti iliyowekwa na Google na nyingi za bei poa zimeshaikaribia au zimeshaipita.

Suala la RAM ni la kulitilia mkazo mwaka huu. Zamani ushauri ulikuwa nunua yenye 8 utaongeza baadaye. Siku hizi sivyo. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa duniani, watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza nguvu kwenye memori za mitambo ya akili mnemba inayolipa zaidi, na Desemba 2025 Micron wakatangaza kuachana kabisa na Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama sisi. DDR4, aina ya RAM inayotumika kwenye mashine zote za listi yangu, zimepanda nazo. Kwahiyo tofauti ya bei kati ya ya 8 na ya 16 dukani ikiwa ndogo, chukua ya 16 hapo hapo. Na ukishalipa angalia muuzaji asije akaenda nayo "nyuma mara moja kuifutia vumbi" ikarudi na 8.

Ukaguzi sasa, na usiharakishwe. Bonyeza Start, andika cmd, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha faili lilipo, lifungue, tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ikiwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo. EliteBook 840 G5 ilitoka kiwandani na kama 50,000 mWh (yani 50Wh). Ukikuta wa leo ni 22,000, betri imebaki chini ya nusu, na hapo unaomba punguzo au betri nyingine. T480 itakuonyesha betri mbili, soma zote. Padi ya kugusia ikiwa imeinuka au haibonyezeki vizuri, betri ya ndani imevimba, hiyo usiichukue hata kwa bei ya bure.

Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe. Anza na A, maana kwa Kiswahili bila A hakuna sentensi. Zilizotoka Ujerumani zina Z na Y zimebadilishana, za nchi za Skandinavia zina herufi zao za ajabu, na wauzaji wanabandika stika juu. Stika zinatoka baada ya muda. Kubali kama unaandika bila kuangalia vidole, vinginevyo dai kibodi ya Kiingereza.

La muhimu kuliko yote: mwambie aifute mashine na kuianzisha upya mbele yako, kisha iunganishe na hotspot ya simu yako. Ikija na jina la kampuni fulani ya Ulaya ikikutaka uingie kwa barua pepe yao ya kazi, hiyo bado imesajiliwa kwa wenyewe, iwe iliibiwa au ilisahaulika kuondolewa, shida ni ile ile. Ingia na kwenye BIOS pia (mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka), bonyeza wakati inawaka F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Uzuri wa kuianzisha upya ni kwamba hizi za ofisi nyingi zina leseni ya Windows Pro ndani ya BIOS, ikipata intaneti Windows inajithibitisha yenyewe kihalali, hauna haja ya ile programu ya magumashi mafundi wanayopachika na virusi vyake.

Kuhusu kununua kwenyewe, ukiongozwa na winga jua kamisheni yake imo kwenye bei yako, kwahiyo pitia maduka mawili matatu mwenyewe kwanza ndo urudi kubishana. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na mwambie aandike modeli na serial namba ya mashine, sio neno "laptop" tu, maana waranti yao ya wiki mbili au mwezi bila serial namba ni maneno matupu. Anayekataa kuiandika, muachie laptop yake.