A Most Wanted Man: muvi ya kijasusi isiyo na haraka, na nakuomba usiizime

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo nina muvi ambayo wengi wakiianza wanaiacha njiani, wanasema imepoa. Mimi nakuomba uvumilie. Inaitwa A Most Wanted Man, ya mwaka 2014. Mwongozaji ni Anton Corbijn, steringi ni marehemu Philip Seymour Hoffman. Imetokana na riwaya ya John le Carré, na huyo mzee alikuwa anaandika kazi anayoijua: aliwahi kuwa jasusi wa Uingereza, na mojawapo ya vituo vyake vya kazi ni Hamburg, mji huohuo ambako hadithi inatokea.

Kwa nini Hamburg? Kwa sababu Mohamed Atta na wenzake waliishi pale wakati wanapanga shambulio la Septemba 11, 2001, na vyombo vya usalama vya Ujerumani havikushtuka. Ile aibu bado inawauma wote unaowaona humu. Sasa anaingia kijana, Issa Karpov, nusu Mchecheni nusu Mrusi, mwili umejaa makovu ya mateso, hana vibali, na kuna mamilioni ya euro ya marehemu baba yake yamelala benki. Wakubwa wanataka adakwe leo hii. Hoffman, ambaye humu ni Günther Bachmann, mkuu wa kikosi kidogo cha makachero, anasema mwacheni kwanza. Anataka kijana na hela zake ziwe chambo cha kumnasa Dokta Abdullah, msomi wa Kiislamu anayeheshimika, mchangishaji wa misaada, ila kuna vijisenti vinachepuka kwenda kwenye kampuni moja ya meli huko Saiprasi, inayoshukiwa kuwapelekea magaidi fedha. Na hata huyo Abdullah, Bachmann hataki kumfunga. Anataka kumgeuza awe mtu wake, amfikishe kwa magaidi wakubwa zaidi.

Sasa sisi ambao miji yetu, Nairobi na Dar es Salaam, ililipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, hatuwezi kuitazama hii kama hadithi ya Wazungu. Ukifikiria wale waliofukiwa na vifusi, unamwelewa kabisa anayesema kamata sasa hivi, mengine baadaye. Na bado hii muvi inakuonyesha, polepole, kinachopotea ukikamata mapema. Hicho ndicho kilichonifanya niipende.

Mtazame Bachmann na Jamal. Jamal ni mtoto wa Dokta Abdullah mwenyewe, anamchunguza baba yake kwa niaba ya Wajerumani, na imefika mahali hawezi tena, anataka atoke. Bachmann hamtishi. Anamkumbatia kijana kama mzazi, na wewe unayetazama unabaki unajiuliza: hii huruma ni ya kweli au ni kazi? Mimi nadhani ni vyote viwili, na Hoffman anacheza vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa pumzi nzito tu na macho yaliyochoka. Alifariki Februari 2014, kabla muvi haijafika kwenye kumbi za sinema. Inaniuma kila nikiiona.

Ushauri: usitazame ile iliyotafsiriwa na dijei. Madijei wetu nawapenda, kwenye muvi za ngumi wananogesha, lakini hapa ukimya ndio unaobeba mambo, na sauti ikipita juu yake umepoteza nusu.

Kasoro zipo. Waigizaji wanaongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, na Rachel McAdams, anayecheza wakili, lafudhi inamkataa. Issa naye ningependa tumjue zaidi, maana kila mtu anampigania na yeye haongei sana.

Nafika mwishoni mwa hadithi, kwa hiyo kama hujaiona, simamisha video hapa.

Pale benki, Abdullah anapitia orodha ya taasisi zitakazopewa hela, anabadilisha moja tu, anaweka ile kampuni ya meli. Basi, kanasa. Bachmann anamsubiri nje akijifanya dereva teksi. Ghafla gari linaigonga teksi, watu wanaruka, wanawabeba Abdullah na Issa mbele ya macho yake. Wakubwa wake na Wamarekani walishakubaliana pembeni. Yule mtu aliyekuwa anaongea taratibu muvi nzima anapiga ukelele katikati ya barabara, na ukelele ule unakuingia kwa sababu umekaa naye saa mbili ukimwona anajenga uaminifu, mtu mmoja baada ya mwingine. Ingekuwa muvi ya mbiombio, usingesikia kitu.

Mimi naipa 9 kati ya 10. Itazame usiku, simu weka mbali, halafu rudi hapa uniandikie kwenye komenti: ungekuwa wewe ndiye mkubwa wa Bachmann, ungempa muda zaidi, au na wewe ungekamata?