Inua kiriba kwanza: mwongozo wa kununua makangaga ya bustani ya kivuli Mwanza

Shilingi 90,000. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwezi wa sita mwaka jana nilinunua makangaga sita, kila moja 15,000, kwa muuza maua mmoja pembeni mwa barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Yalikuwa yamenawiri, majani yananing'inia mpaka chini kama ushungi. Nikayapakia kwenye bajaji, mwenyewe nikakaa upande upande nisiyavunje. Wiki ya tatu haijaisha, matano yalishakuwa rangi ya chai ya rangi.

Nilijilaumu. Nikasema ni maji, nikasema ni jua, nikafika mpaka kwa kijicho cha jirani. Siku nilipong'oa la kwanza nikalitupe, likatoka laini kama mswaki kwenye kikombe. Hakuna mzizi. Chini kulikuwa na majani manane hivi yaliyofungwa pamoja kwa uzi wa katani, yakachomekwa kwenye udongo na kushindiliwa. Nikang'oa la pili: uzi. La tatu: uzi. Kumbe nilinunua shada la maua la 15,000, nikawa nalimwagilia asubuhi na jioni.

Tuelewane jina kabla hatujaenda mbali. Kangaga ni ule mmea usiotoa ua wala mbegu, ambao jani lake changa huja limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha linajifungua taratibu. Wauzaji wengi hapa wanaliita feni. Nilimtuma mdogo wangu siku moja aniletee feni mbili za kuweka kivulini, akanipigia kuuliza za mezani au za darini. Kwa hiyo ukienda, sema maua ya feni, au onyesha picha.

Sitakuambia uchague lenye majani mabichi na lisilo na wadudu, hilo unalijua. Watu wote wanatazama majani, na muuzaji anajua wanatazama majani. Wewe tazama chini.

Shika kiriba, yaani ule mfuko uliobeba udongo na mmea, kigeuze, angalia yale matundu ya kutolea maji. Kangaga lililokaa kwenye kiriba miezi mitatu minne linakuwa limeshatoa vinywele vya kahawia au vyeusi kwenye matundu hayo. Halafu kusanya majani yote pale yanapotokea kwenye udongo, uyashike kwa kiganja kizima, uinue kidogo tu, bila kutikisa. Kiriba kikifuata na udongo wake, mmea umeshika. Majani yakianza kuteleza yenyewe huku kiriba kimebaki mezani, rudisha, sema asante, ondoka. Jani la kangaga lililokatwa halioti mizizi hata ulibembeleze vipi, kwa sababu mizizi hutoka kwenye lile shina linalotambaa chini au juu kidogo ya udongo. Bila kipande cha shina hilo, mikononi una mboga.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauwezi kughushiwa: mikia ya kinyonga. Tafuta katikati ya mmea, chini kabisa, uone angalau miwili ambayo bado imejikunja. Majani ya kuchomeka hayatoi mkia. Mimi sasa hivi hata majani ya nje yakiwa yamekatika ovyo, nikiona mikia mitatu na vinywele kwenye matundu, nalipa.

Muuzaji atakuambia, "Mama, ukilivuta utaliua." Mwambie kwa upole kwamba lenye mizizi halifi kwa kuinuliwa. Akikasirika umeshapata jibu lako. Kuna mmoja alinijibu kwamba wateja wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, hawana tabia hizi. Nikamwambia mimi natoka Isamilo, na huko kwetu hata papai tunalibonyeza.

Kitu cha kinyume chake ni vile vidoti vya kahawia chini ya majani, vimejipanga kwa mstari kama vifungo vya shati. Si ugonjwa wala si wadudu. Ni vifuko vya spora, ndivyo kangaga linavyozaa. Wateja wanavikimbia, na wauzaji wengine wanavipulizia dawa. Niliwahi kupunguziwa 4,000 kwa sababu muuzaji mwenyewe aliamini mmea wake una ukurutu. Nilinyamaza. Mungu anisamehe, lakini nilikuwa bado nadai 90,000 zangu kwa ulimwengu.

Sasa kivuli. Hapa Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na kivuli cha ukuta kinahama. Mwezi wa sita, jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo upande wa kusini wa nyumba unapoa vizuri. Ukipanda pale ukajisifu, subiri mwezi wa kumi na mbili: jua limehamia kusini na linakupigia makangaga yako utosini. Kivuli cha kuaminika ni cha mti, mwembe hasa, au upande wa mashariki wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Upande wa magharibi achana nao. Na kama kiwanja chako kina mawe makubwa kama ya kwetu, kumbuka jiwe la matale linakunywa joto mchana kutwa na kulitoa jioni. Acha nafasi ya hatua moja kati ya jiwe na mmea, japo inapendeza ukibananisha.

Sasa aina za kununua. Nafasi ya kwanza naitoa bila aibu na bila usawa: kangaga upanga lenye viazi. Kitaalamu ni Nephrolepis cordifolia. Majani yake yamesimama kuliko kulala, membamba, vijani vyake vimepangana kama meno ya kitana. Chini ya udongo linabeba viazi vidogo vya mviringo, ukubwa wa gololi, vilivyojaa maji. Hivyo viazi ndivyo vimenifanya niwe mpenzi. Maji ya bomba huku mlimani yanaweza kukata siku nne, na mimi nikasafiri kwenda msibani Magu nikarudi siku ya sita, nikakuta limelegea tu. Ndoo moja, kesho yake limesimama. Hata majani yakikauka yote, viazi vinaweza kuchipua upya. Lile moja kati ya sita lililobaki hai ndilo hili, liliingia kwenye kundi kwa bahati mbaya ya muuzaji. Leo limenipa watoto kumi na mmoja.

Muuzaji atakupa Boston na kuapa kwamba ni hilo hilo. Si hilo. Boston ni Nephrolepis exaltata, ndugu wa karibu, lakini halina viazi. Ndiyo maana nasisitiza chini: ukifukua kidogo pembeni ya kiriba kwa kidole ukakutana na gololi, umepata. Usipokutana nayo, usilipe bei ya gololi.

Kasoro yake niseme pia. Linatambaa. Kule Florida, Marekani, limeingizwa kwenye orodha ya mimea vamizi, kwa hiyo usitupe mabaki mtoni au kandokando ya ziwa. Ziwa letu limeshateseka vya kutosha na magugu maji. Lizungushie matofali, au lipande kwenye chungu.

La pili, kwa mwenye nafasi, ni kangaga kubwa la asili yetu, Nephrolepis biserrata, lenye majani yanayoweza kupita mita moja na nusu. Langu lilikuja na meli kutoka Bukoba, zawadi ya wifi yangu, limefungwa kwenye gunia pamoja na ndizi. Bukoba wanapata mvua karibu mara mbili ya hizi zetu, kwa hiyo lilipofika lilinuna miezi miwili. Baadaye lilichanua majani likafunika ngazi. Linahitaji maji kuliko la kwanza, na chungu kwake ni gereza. Ukiuziwa jani moja moja la kupanda, unajua nitakachosema.

Kiota cha ndege, Asplenium nidus, nakiweka cha tatu, na hapa najua baadhi yenu mtanuna kwa sababu ndicho kinachopendeza kwenye picha. Majani mapana, yanang'aa, yamejipanga kama bakuli. Ni vumilivu kuliko kinavyoonekana na mizizi yake ni sponji nene ya kahawia, kwa hiyo kwenye mtihani wa kuinua huwa kinafaulu. Tatizo ni bei. Nimetajiwa 35,000 kwa kimoja chenye majani saba! Kinakua polepole, nakubali, lakini majani saba, jamani, ni 5,000 kwa jani. Usikimwagilie katikati ya bakuli, moyo utaoza, mwagilia pembeni.

Boston lenyewe ni la nne. Jina limetokana na mji wa Marekani, ambako mwaka 1894 lilionekana moja la tofauti ndani ya mzigo wa makangaga ya kawaida. Ni zuri kwenye baraza, likining'inizwa. Bustanini, kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane kikiingia na upepo wake mkavu, linapukutisha vijani kama unga. Na hili ndilo linalofungwa uzi kuliko yote, kwa sababu majani yake ni mengi na yanaficha.

Kama una mwembe mkubwa, fikiria pembe za paa (paa mnyama, si la nyumba), Platycerium, linalokaa juu ya gogo bila udongo. Afrika bara tuna aina tatu za asili, na moja, Platycerium elephantotis, ina majani mapana kama masikio ya tembo. Hapa kutazama chini kunageuka kutazama nyuma: lile jani la ngao lililolalia ubao liwe limeukumbatia ubao lenyewe. Likiwa limeshikwa na waya tu, ni uzi wa katani uliovaa suti.

Ya 2,000 yaliyofungwa kwenye mifuko ya maziwa sokoni: nunua ukiona viazi, basi.

Msiyanunue haya. Lile jembamba lenye vijiti vyeusi kama nywele, Adiantum, nalipenda na nimeua manne. Linataka hewa yenye unyevu muda wote na hapa ni la bafuni kwa mwenye bafu lenye dirisha. Kangaga mti, ambalo mtu atakuambia limetoka milima ya Usambara: makangaga mti ya jamii ya Cyathea yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hayapiti mpakani bila kibali, na kigogo kilichokatwa msituni hakina uzima wa kuja kuishi na upepo wetu. Halafu kuna lile linaloitwa asparagasi, lenye manyoya laini na miiba iliyojificha. Hilo si kangaga kabisa, lina maua madogo meupe na matunda. Ni vumilivu sana, silikatai. Nakataa kuuziwa kwa jina lisilo lake na kuongezewa 5,000 kwa sababu "limetoka Arusha".

Hilo la Arusha linanichefua. Kila mmea ukiulizia bei umetoka Arusha. Udongo umetoka Arusha. Siku hizi kuna gunia la "udongo wa msituni", 12,000, nikalifungua nyumbani nikakuta luseni ile ile ya kwetu iliyochanganywa na majivu. Luseni ni kichanga cha matale, maji yanapita kama kwenye chekecho, lakini huna haja ya kununua msitu. Changanya na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na makapi ya mpunga, ambayo mashineni watakupa bure ukibeba mwenyewe. Samadi mbichi inaunguza, usiwe na haraka. Na unapopanda, usizike pale majani yanapotokea. Pabaki juu ya udongo.

Nunua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, vuli ikianza. Mimi nilinunua wa sita kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Sikujiuliza kwa nini imeshuka.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa yule yule wa barabara ya uwanja wa ndege, sikumpata mwingine mwenye viazi. Aliponiona tu akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mama mizizi." Kabla sijafungua mdomo akainua kiriba mwenyewe, akakigeuza, akanionyesha vinywele kwenye matundu, akafukua na gololi mbili nikaziona kwa macho yangu. Nikauliza bei. 18,000. Nikamwambia mwaka jana ilikuwa 15,000. Akasema hiyo 3,000 ni ya kukagua.

Nilinunua mawili.