Avignon mwezi Februari: uzoefu wangu nje ya msimu wa watalii

Wengi wanaoizungumzia Avignon, mji wa kale wa kusini mwa Ufaransa, humshauri mgeni aende Julai, wakati wa tamasha la tamthilia lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947. Mimi nilikwenda Februari kwa sababu kilichonivuta ni Kasri la Mapapa, makao ya zamani ya viongozi wa Kanisa Katoliki, na kwa haja hiyo sioni majira yanayofaa zaidi, mradi mtu ajiandae kwa upepo.

Upepo huo, uitwao mistral, hushuka kutoka kaskazini kwa kufuata bonde la mto Rhône, na unapovuma hufagia mawingu yote, ukajikuta unatetemeka chini ya jua kali. Nimekulia pwani, ambako kaskazi huja na joto, kwa hiyo sikutarajia kabisa kwamba upepo wa upande huo ungeweza kupenya koti, sweta na fulana kwa pamoja. Juu ya daraja la Saint-Bénézet, ambalo limebakiwa na matao 4 kati ya 22 na kukatikia ndani ya mto, nilitembea nimeshika ukingo kwa mikono miwili na sikukaa sana.

Kasri ni habari nyingine. Mapapa walihamia mjini hapa mwaka 1309, na sehemu kubwa ya jengo hili ilijengwa kwa muda usiozidi miaka 20 kuanzia 1335, chini ya Benedikto XII na Klementi VI. Mapapa walikaa hapa hadi Gregori XI alipourudisha upapa Roma mwaka 1377. Sikupanga foleni ya tiketi hata kidogo. Kumbi ni tupu, maana samani zilitoweka zamani na jengo lilitumika kama kambi ya jeshi hadi mwaka 1906. Kwa sababu hiyo wapo wanaotoka wakilalamika kwamba wameona kuta tu. Bei ya tiketi inajumuisha tableti inayoonyesha jinsi vyumba vilivyopambwa enzi hizo, nayo inasaidia, ingawa mimi niliiweka pembeni mapema. Katika Grand Tinel, ukumbi wa karamu wenye urefu wa mita 48, nilisikia viatu vyangu mwenyewe, na hapo ndipo ukubwa wa mahali ulinielea.

Nilichokaa nacho muda mrefu zaidi ni chumba cha kusomea cha Klementi VI, chenye michoro ya uwindaji ukutani. Hakuna mtakatifu hata mmoja: kuna mwindaji mwenye kozi, ndege wa kuwindia, na kuna watu waliolizunguka bwawa la mstatili wakivua samaki, nao samaki wanaonekana ndani ya maji, kila mmoja na umbo lake. Chumba si kikubwa, na kukiwa na kundi la watalii sidhani kama mtu angeweza kuusogelea ukuta kiasi cha kuyaona hayo.

Upande wa chakula sikuridhika sana. Migahawa kadhaa niliyokuwa nimeiorodhesha ilikuwa imefungwa kwa likizo ya mwaka, na iliyobaki ilikoma kupokea wateja wa mchana mapema kuliko nilivyozoea. Soko la ndani la Les Halles liliniokoa kwa jibini, mizeituni na mkate, lakini halifunguliwi Jumatatu na huduma zake ni za asubuhi hadi mapema mchana.

Anayetoka Paris kwa treni ya kasi ajue kwamba stesheni ya Avignon TGV iko nje ya mji. Kuna treni ndogo inayomfikisha stesheni ya kati, karibu kabisa na kuta za mji, kwa dakika kama tano. Kabla ya kulipia chumba, aulize pia kinapashwa joto kwa njia gani na saa ngapi, kwani nilikofikia mimi kipasha joto kilizimwa usiku wa manane, na blanketi la ziada lililetwa baada ya kuombwa mara mbili.