Maziwa ya kununua Bukavu: tazama chupa kwanza, ng'ombe baadaye

Juzi saa saba mchana, pale Kadutu, nililipa karibu mara mbili ya bei ya kawaida kwa lita moja ya maziwa. Muuzaji aliniapia: "Mama, hii ni ya ng'ombe wa kwetu kabisa, ya Walungu, vitamini tupu!" Yalikuwa ndani ya chupa angavu ya maji ya kunywa, imepangwa mezani pamoja na chupa nyingine, jua likiwaka. Nyumbani nikachemsha, nikaonja: ladha ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Hayakuwa yamechacha. Yalikuwa yamepigwa jua.

Habari za usafi na za maji ya kuongezea mnazijua, sitazirudia. Nataka tuongee juu ya mwanga, maana hakuna anayeutaja. Maziwa yana utajiri wa vitamini B2, yaani riboflavini: glasi ya mililita 250 ina kama miligramu 0.45, na mwanamke anahitaji miligramu 1.1 kwa siku. Wengi wanaogopa kuchemsha eti vitamini zitakufa. Chemsheni! B2 inavumilia moto vizuri. Adui yake ni jua. Saa chache tu kwenye chupa angavu, sehemu kubwa imekwenda, na vitamini A nayo inapungua.

Je, ng'ombe wa kienyeji ana faida? Anayo. Anatoa maziwa machache lakini mazito, na vitamini A inakaa ndani ya mafuta. Ila majani mabichi nayo yana neno: ng'ombe akila majani mabichi, malai yanakuwa ya manjano, dalili ya vitamini A, kiangazi akila makavu, yanapauka, hata awe na pembe ndefu namna gani.

Sasa chaguo zangu. La kwanza, nitukaneni mkitaka, ni Inyange, maziwa ya boksi ya kiwandani, inayovuka mto Ruzizi kutoka Rwanda. Boksi halipitishi mwanga, basi! Mimi naipenda waziwazi, na hakuna aliyenilipa. Chukueni yenye mafuta yote. Iliyoondolewa mafuta imeondolewa na vitamini A yake, labda wairudishe kiwandani.

La pili ni maziwa ya kienyeji, lakini kwa mtu anayekuletea alfajiri kwenye bidoni ya aluminiamu yenye kifuniko, ukayamimina katika chombo chako mwenyewe. Ukimpata mtu wa namna hiyo, Inyange ishuke, yeye apande. Mimi wangu alihama mwaka jana na sijapata mwingine.

Mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, naiweka hapo hapo karibu. Umewahi kuona yale maji yanayojitenga, rangi kama manjano iliyochanganyika na kijani? Rangi hiyo ni riboflavini yenyewe, na watu wanaimwaga! Bibi zetu waliweka maziwa kwenye kibuyu, jua halikuyaona kamwe. Leo mashanza inauzwa kwenye ndoo angavu, nayo tunaiita maendeleo.

Unga wa maziwa wa kopo ni sawa kwa dharura. Ule wa sashe za bei rahisi, soma nyuma: ukikuta mafuta ya mimea, ujue mafuta ya maziwa yalishatolewa.

Kinachoniuma ni bei. Siku hizi kila chupa, kuanzia Kadutu hadi Nyawera, ni "ya kienyeji", na jina hilo peke yake linapandisha bei. Ng'ombe hao hukamuliwa lita chache tu kwa siku. Haya yote yanayojaa mezani yametoka wapi? Halafu ukiuliza unaambiwa una maneno mengi.

Nilirudi kwa yule mama. Nikamwomba basi afunike chupa zake, hata kwa kipande cha kitenge. Akaniangalia kama mgeni: "Nikifunika, mteja ataona wapi kama ni maziwa?"