Kubana shingo tu, au ganda zima?

Wawindaji wa Marekani wanaojaza tena maganda ya risasi yaliyofyatuliwa hawaishi kubishana hili: kabla ya kujaza, ubane shingo tu (sehemu inayoshika kichwa cha risasi) au ganda zima? Ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba, chumba cha risasi cha bunduki yako. Ukibana shingo pekee, umbo hilo hubaki: ganda hudumu zaidi na kazi ya kulipaka mafuta kabla ya kulibana hupungua. Ila baada ya kulijaza mara kadhaa bolti, chuma kinachofunga chemba, huanza kukaza, na kulungu akiwa mbele yako huo ni msiba.

Kubana ganda zima huichosha shaba yake ukirudisha nyuma bega (mteremko chini ya shingo) kupita kiasi. Kwenye bunduki yangu ya risasi za .30-06 huwa nalirudisha milimita 0.05 tu, na ganda lenye mstari unaong'aa karibu na kitako nalitupa. Lakini risasi huingia laini. Kwa shabaha za mazoezi, shingo inatosha. Bunduki inayojipakia yenyewe hudai ganda zima.